Ukuta Mnene Haukutosha: Joto na Nyumba za Mawe za Pwani

Anayeandika habari za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu hachelewi kufika kwenye unene wa kuta. Wazee, husema, walijenga kuta za mawe za nusu mita ili nyumba zipoe zenyewe. Sisi tumeiacha hekima hiyo, na adhabu yetu ni bili ya umeme. Maelezo haya yamerudiwa na waongoza watalii, na vitabu vya picha, hata na wasanifu majengo, mpaka hakuna tena anayeyadai ushahidi. Kuta ni nene kweli, na mtu akitoka kwenye jua la Februari saa saba mchana akaingia chumba cha ndani cha nyumba ya kale, hupata nafuu isiyo na ubishi. Lakini nafuu hiyo ni ya saa chache. Ukichunguza hali ya hewa, mpangilio wa vyumba na maisha yaliyoendeshwa humo, ukuta unabaki na sehemu ndogo tu ya sifa. Waliokaa katika nyumba hizo walipozwa hasa na kuhama. Walihama ndani ya nyumba moja kwa kufuata saa za siku, wakautumia mji mzima kama sehemu ya nyumba, na majengo yakakaa, kwa kukusudia au kwa bahati, namna ya kuupokea mwendo huo.

Tuanze na joto lenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki kipindi kigumu ni cha kaskazi, Desemba hadi Machi. Unguja mwezi wa Februari mchana hufika nyuzijoto 32 au 33, na usiku hushuka hadi 24 au 25 hivi, yaani tofauti ya nyuzi nane tu. Ukuta mnene hauliondoi joto, hulichelewesha. Jua linaloupiga adhuhuri hupenya kidogo kidogo, na joto lake hutokea upande wa ndani wakati jua limekwisha kuzama. Kusini mwa Misri, ambako Hassan Fathy alijenga kijiji cha New Gourna kwa matofali ya udongo katika miaka ya 1940, hesabu hiyo hulipa, kwa sababu usiku wa jangwani ni baridi na ukuta humaliza joto lake kabla ya kucha. Usiku wa pwani yetu hauna baridi ya kufanya kazi hiyo, na ukuta huanza siku mpya ukiwa bado na masalio ya joto la jana. Isitoshe, kero yetu kubwa ni unyevu. Jasho halikauki mwilini usipopita upepo, kwa hiyo chumba cha nyuzi 29 chenye upepo huweza kukalika kuliko chumba cha nyuzi 27 ambamo hewa imesimama. Na chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, kisicho na dirisha la nje, ni chumba cha hewa iliyosimama. Kinafaa toka saa tano mchana hadi saa kumi. Saa nne usiku hakilaliki.

Mbona basi walijenga hivyo? Historia inaonyesha kwamba mawe hayakuwa chaguo la kwanza, na yalipochaguliwa, joto halikuwa sababu kuu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton ulifukua mabaki ya majengo ya awali ya miti na udongo, na juu yake, baada ya vizazi kadhaa, ya mawe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake, na akasema nyumba zake ni za miti. Hiyo ndiyo Kilwa iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, mji wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Husuni Kubwa, kasri lake la mawe, lilikuwa na birika la kuogelea la pembe nane. Ufundi wa mawe ulikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kama jiwe lingekuwa dawa ya joto, watu waliokuwa wameteseka na kaskazi kwa karne kadhaa wangelikimbilia. Waliotangulizwa ni misikiti, makaburi na wafalme, kisha matajiri. Na tusisahau mahali lilipowekwa kasri lenyewe: juu ya genge, nje kidogo ya mji, linapopigwa na upepo wa bahari. Mwenye uwezo wa kuchagua alichagua upepo kwanza.

Watafiti waliozichunguza nyumba hizi, James de Vere Allen miongoni mwao, wamezieleza kama alama za uungwana. Mfanyabiashara aliyekuwa na nyumba ya mawe hakuwa mtu wa kutoroka deni. Mgeni aliyekuja na jahazi wakati wa kaskazi na kusubiri kusi arudi kwao alijua pa kumkuta msimu ujao. Jiwe halikuteketea moto ulipozuka. Kuhusu unene, nao una sababu yake ya kifundi ambayo wanaosifu kuta huipita bila kuitaja. Mawe ya pwani ni masalio ya matumbawe ya kale, yenye matundu na maumbo ya ovyo, na chokaa inayoyashikamanisha ni dhaifu ukiilinganisha na saruji. Ukuta wa namna hiyo ukiwa mwembamba hauwezi kubeba ghorofa mbili na paa bapa la chokaa. Fundi aliujenga nusu mita kwa sababu akiupunguza ungebomoka. Kwamba ukuta huo pia unachelewesha joto la mchana ni faida iliyofuata yenyewe.

Vilevile vyumba. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti, miti ya mikoko iliyokatwa katika mito ya Lamu na delta ya Rufiji, ambayo ikizidi mita 2 na nusu au 3 haibebi tena uzito wa mawe na chokaa ya paa. Ndizo boriti zilezile zilizopakiwa majahazini kwenda Oman, Bahrain na Kuwait, ambako nako ziliamua upana wa vyumba. Kwa hiyo nyumba ya kale ya Lamu ikawa na vyumba virefu na vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: unaingia dakani, unapita tekani, unatokea kiwandani kuliko wazi juu, halafu msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha giza chenye zidaka ukutani. Kadiri unavyozama ndivyo mwanga unavyopungua na heshima inavyoongezeka. Misana hiyo hufunguka kuelekea kiwandani, na katika nyumba nyingi za kale upande huo ni wa kaskazini. Mtu wa leo mwenye kupenda mambo ya hali ya hewa atashangilia, na ana haki. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta. Tangu mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini. Yaani katika miezi yote ya joto kali, msana unaotazama kaskazini haupigwi na jua hata kidogo, na wakati huohuo unaupokea upepo wa kaskazi unaovuma kutoka upande huo. Jua linakuja kuuchungulia mwezi wa Juni, wakati wa kusi, ambapo halimuudhi mtu. Mhandisi asingeweza kupanga vizuri zaidi. Ila Makka nayo iko kaskazini mwa Lamu, karibu moja kwa moja, na kuielekeza nyumba kibla ni sababu iliyojitosheleza. Siwezi kuamini kwamba watu walioishi humo vizazi na vizazi hawakuona kuwa msana wao unapoa. Lakini kuona faida ya jambo si sawa na kulianzisha kwa ajili yake.

Tofauti kati ya nyumba hii na ya leo inaonekana zaidi ukiitazama kwa saa. Asubuhi na baada ya alasiri wanaume walikuwa nje, barazani, kwenye mabenchi ya mawe yaliyoshikamana na ukuta wa mbele, ambapo uchochoro huvuta upepo na nyumba ya mkabala hutia kivuli. Adhuhuri iliwarudisha ndani, kwenye saa zile chache ambazo chumba cha giza ni bora kuliko mahali pengine popote. Jikoni hakukuwa chini. Kidari cha meko, jiko la Lamu, kilikuwa juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na moto vichukuliwe na upepo badala ya kukaa na watu. Maji yalihifadhiwa katika birika la chokaa chooni, ndani yake wakiogelea visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na kitakoni pake mara nyingine bakuli la kauri la Kichina lililozikwa kwenye chokaa, ili maji yakipungua visamaki visibaki pakavu. Anayeoga kwa kata mara mbili tatu kwa siku anaupoza mwili wake kwa gharama ndogo kuliko anayetaka kupoza chumba kizima. Usiku watu walipanda. Paa bapa, ambalo mchana lilikuwa halikanyagiki, lilipoa upesi kuliko kuta kwa kuwa liko wazi kwa mbingu, na kibanda cha makuti juu yake kilizuia umande na mvua ya ghafla. Wanawake wa nyumba za waungwana, ambao desturi haikuwaruhusu baraza, walikuwa na njia yao huko juu: pale panapo wikio, chumba kilichojengwa juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili, waliweza kutembeleana bila kushuka mtaani.

Hapa mtetezi wa ukuta atasema: hayo yote ni kweli, lakini bila unene hiyo adhuhuri ya ndani isingekuwapo, kwa hiyo ukuta ndio msingi. Nakubali nusu. Adhuhuri ilihitaji uzito. Lakini angalia ukuta huohuo unavyokuwa vitu vilivyouzunguka vikiondoka. Kuanzia karne ya 19 mapaa mengi ya Mji Mkongwe yalifunikwa kwa mabati ya kuinamia, kwa sababu za maana: paa bapa la chokaa huvuja na lazima litunzwe kila mara. Kuta hazikubadilika, ila ghorofa ya juu ikawa na kifuniko cha chuma kinachochemka, na mahali pa kulala usiku wa kaskazi pakatoweka. Au tazama nyumba ya jirani ikianguka, jambo lililotokea mara nyingi Unguja hata kabla serikali haijaunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985. Ukuta wa pembeni, uliojengwa ukitegemea kukaa kivulini daima, unabaki uchi kwa jua la mchana na kwa mvua ya masika. Unakunywa moto siku nzima na kuumwagia chumbani usiku kucha. Wenye nyumba wengi hujaribu kuuokoa kwa lipu ya saruji, na hapo huongeza dhara la pili, maana chokaa huacha unyevu utoke ukutani ilhali saruji huufungia ndani, chumvi ikachomoza na chumba kikanuka maji. Unene ni uleule. Kilichopotea ni kivuli alichokuwa akitoa jirani, na kivuli hicho hakikuwahi kuwa mali ya mwenye nyumba mmoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaosifu nyumba za mawe hawapendi kulisikia. Nyumba hizi zilikuwa za wachache, na mwendo niliouelezea ulibebwa na mabega ya wengine. Nani alipandisha maji na kuni hadi kidari cha meko? Nani aliyakata matumbawe maji yakitoka, akapanga magogo ya tanuu, akaichoma chokaa, kisha akapigilia sakafu na mapaa kwa magongo kwa siku nyingi? Katika Lamu na Unguja ya karne ya 18 na 19 sehemu kubwa ya jibu ni watumwa. Wao, pamoja na wavuvi, wachukuzi na maskini wengine, walikaa kwingine. Lamu walikaa hasa upande wa kusini, Langoni, na si Mkomani kwenye mawe. Unguja walikaa ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenganisha mji na mashamba, na jina la mtaa likawa Ng'ambo mpaka leo. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, ukumbi katikati toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kushoto na kulia, paa refu la makuti lililoshuka hadi kufunika baraza. Sasa ipime kwa kipimo kilekile tulichoanzia. Ukuta mwembamba hauna akiba ya joto. Jua likizama, nao umepoa. Makuti yanazuia jua na bado yanapitisha hewa. Ukumbi ulionyooka ukifunguliwa milango yote miwili huvuta upepo nyumba nzima. Saa nane mchana nyumba hii ilishindwa na ya mawe. Saa nne usiku ilishinda, na mwenyewe hakuhitaji ngazi kufika mahali pa kulala. Moto ulikuwa balaa lake, na mchwa, na kila miaka michache makuti mapya. Sisemi maskini waliishi raha. Nasema tu kwamba katika suala la joto la usiku, mjenzi wa Langoni alikuwa ameukaribia ukweli kuliko yule wa Mkomani.

Matajiri wenyewe walilijua hilo. Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, anamwonyesha baba yake, Seyyid Said, akikaa na kutembeatembea katika baraza kubwa ya mbao ya mviringo iliyo wazi kwa bahari. Mtawala wa Oman na Zanzibar, mwenye kasri la mawe nyuma yake, alikaa nje yake, kwenye mbao na upepo. Mwanawe Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 aliizungushia roshani pana juu ya nguzo za chuma, ghorofa kwa ghorofa, jengo zito likavishwa jengo jepesi ambamo watu hasa walikaa. Ni jambo la kuzingatia pia kwamba minara ya kunasa upepo, iliyozagaa Dubai, Bahrain na miji ya Iran, haikuota mizizi kwetu, ingawa majahazi yalileta kutoka huko kila kingine, tangu tende hadi mitindo ya milango. Nadhani haikuhitajika: mwenye baraza, roshani na dari hana haja ya kuuleta upepo chini kwa bomba, anapanda kuufuata.

Utawala wa kikoloni uliuelewa upepo haraka sana, ukaugawa kwa rangi. Dar es Salaam chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, ufukwe wa mashariki ulikuwa Uzunguni, wenye viwanja vikubwa na nyumba za veranda zilizoachana ili hewa ipite. Waafrika walipangiwa Kariakoo, bara zaidi, na kati ya Kariakoo na mji ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Baadaye Oyster Bay ikafunguliwa kwa Wazungu, palepale upepo wa bahari unapoingia kwanza. Baada ya uhuru walikuwapo wasanifu walioendelea kufikiri hivyo kwa faida ya watu wengi. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, la miaka ya 1970, lina mapaa ya zege kama miavuli mikubwa inayotia kivuli, inayokusanya maji ya mvua na kuiacha hewa ipite chini yake. Lakini nyumba ya kawaida ilifuata njia nyingine: tofali la saruji, bati, dari ya jipsamu, na dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote hufunguka nusu.

Hapo ndipo kiyoyozi kilipopata mlango. Mashine ya kwanza ya namna hiyo, ya Willis Carrier, ilifungwa mwaka 1902 katika kiwanda cha uchapishaji Brooklyn, na haikuwa kwa ajili ya watu. Karatasi zilivimba na kusinyaa kwa unyevu, rangi zikawa haziangukii mahali pake. Karatasi haiwezi kuhamia barazani. Karani wa ofisini, mwanafunzi wa darasani na mgonjwa wa wodini nao wamewekwa katika hali hiyohiyo ya kukaa mahali pamoja kwa saa zilizopangwa na mwingine, na kwao kuwaambia wafuate kivuli ni dhihaka. Kebo ya chini ya bahari inayoipa Unguja umeme kutoka bara ilipoharibika, na kisiwa kikakaa gizani toka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kaskazi nzima, kilichodhihirika ni zaidi ya upungufu wa umeme. Mwenye jenereta aliendesha jenereta. Aliyekaa chini ya bati na dari ya jipsamu hakuwa na paa la kupandia.

Itasemwa kwamba maisha ya kuhama hayarudi: wezi wapo, mbu wapo, faragha inatakiwa, na saa za kazi hazingoji alasiri. Ni kweli, na ndiyo sababu kuiga ukuta mnene ni kuiga sehemu isiyotufaa. Nyumba ya mfanyakazi wa leo hukaa tupu mchana, saa ambazo uzito wa mawe una faida, na hujaa watu usiku, saa ambazo uzito huo ni mzigo. Chumba chake cha kulala kinataka ukuta mwepesi uliofunikwa na kivuli, paa lenye hewa chini yake, na matundu pande mbili zinazokabiliana yaliyozibwa kwa wavu wa mbu na nondo, yaani nyumba ya Langoni iliyotengenezwa kwa vifaa visivyoungua. Hoteli nyingi zilizokarabatiwa katika Mji Mkongwe na Lamu zimehifadhi kuta zilezile nene, zimezipaka chokaa vizuri, kisha zikafunga viyoyozi katika vyumba vya kulala. Wenye hoteli hawakukosea hesabu: mgeni analala humo saa ileile ambayo mwenye nyumba wa zamani alikuwa juu ya paa.